Kilango kwanza, wavu baadaye

Anayetaka kumjengea paka kizimba cha nje humwita fundi, na swali la kwanza la fundi ni futi ngapi. Yanayofuata yote ni mazungumzo ya wavu: wa kuku au wa kuchomelea, mbao za mbili kwa mbili au mabomba ya chuma, bati juu au wavu mtupu. Bei inaafikiwa, kazi inakwisha kabla ya jua kuzama, na paka aliyeletwa nyumbani wiki hiyohiyo anabebwa, anatiwa ndani, komeo linasukumwa. Asubuhi mwenyewe analalamika: paka kajibanza kwenye kona, hali, hanywi, ukimwita hageuki. Majirani wanampa ushauri wa siku zote, mwache, atazoea. Ninavyoona mimi, kilichokosekana hapo si muda, wala si wavu bora zaidi. Imekosekana njia ya kurudi ndani. Kwa paka mgeni, kizimba kina faida kadiri anavyoweza kutoka humo kwa hiari yake, na kilango kidogo kati ya nyumba na kizimba ndicho kinachostahili kufikiriwa kabla ya futi na kabla ya bei.

Sababu za kujenga kizimba zipo, na hazihitaji kutiwa chumvi. Miji yetu imekuwa migumu kwa paka. Bodaboda zinapita hadi vichochoroni, mbwa wa ulinzi hufunguliwa usiku, sumu ya panya hutegwa kiholela, na paka anayemla panya aliyelishwa sumu naye huipata. Kuna kichaa cha mbwa, ambacho paka huambukizwa aking'atwa, na kuna vifaranga vya jirani, ambavyo vimevunja ujirani mwingi kuliko siasa. Kwingineko hoja kubwa ni ndege na wanyama wadogo wa porini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulikadiria kwamba paka wanaozurura nchini humo huua zaidi ya ndege bilioni moja kila mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na wenyewe. Canberra, mji mkuu wa Australia, umeweka sheria kwamba paka aliyezaliwa tarehe 1 Julai 2022 au baada ya hapo asivuke mpaka wa makazi ya mwenyewe. Mwaka huohuo mji mdogo wa Walldorf, Ujerumani, uliamuru paka wafungiwe katika miezi ya kuzaliana kwa ndege wa jamii ya kipozamataza waliobaki wachache, ambao hutaga chini. Katika nchi hizo kizimba cha paka kimekuwa kitu cha kawaida, na picha zake zimetufikia kwenye simu. Tatizo ni kwamba picha huonyesha wavu. Kilango, mara nyingi, kimefichwa nyuma ya chungu cha maua.

Kwa nini kitundu hicho kiwe na uzito kiasi hiki? Jibu liko kwenye ukoo wa mnyama mwenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa na Carlos Driscoll na wenzake mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka mwitu wa Mashariki ya Karibu, ndugu wa karibu kabisa wa yule ambaye bado anawinda panya katika nyika za Kenya na Tanzania. Huyu ni mwindaji wa peke yake. Simba akiumia anaweza kula alichoua mwenzake. Paka mwitu akivunjika mguu hana wa kumwindia. Juu ya hayo, yeye naye ni kitoweo cha wakubwa, wakiwamo chui, tai na chatu. Mnyama aliyeishi hivyo kwa vizazi maelfu hapigani ila akikosa pa kupita. Ulinzi wake wa kwanza ni kuwahi kusikia, wa pili ni kutoroka, wa tatu ni kujificha au kupanda juu. Masikio yake hushika sauti za mitetemo hadi 85,000 kwa sekunde, ilhali ya binadamu hukomea kwenye 20,000 hivi. Kwa hiyo uani kunakoonekana kwetu kimya, yeye anasikia mengi tusiyoyasikia, na mengi ya hayo hajawahi kuyasikia maishani mwake. Mweke hapo, umzibie njia ya kutoroka, na umemwondolea ulinzi wa pili kwa mkono wako mwenyewe.

Hili limepimwa, ingawa si kwa vizimba vya uani. Mwaka 2014 Claudia Vinke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walichapisha jaribio la paka 19 waliokuwa wameingia karibuni katika makao ya wanyama. Kumi walipewa boksi la kujifichia, tisa hawakupewa, na kila kitu kingine kilikuwa sawa. Kufikia siku ya tatu na ya nne wenye boksi walikuwa wametulia kuliko wenzao kwa tofauti isiyo na shaka. Wasio na boksi nao walitulia, ila iliwachukua wiki mbili hivi kufika pale wenzao walipokuwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa paka, inaonekana, jembe la siku ya tatu linapokelewa na yule tu aliyepewa chumba chake cha kulala. Chuo hichohicho kilirudia jaribio la namna hiyo na kulichapisha mwaka 2019, na wenye boksi wakatangulia tena. Uchunguzi wa zamani zaidi, wa Kessler na Turner mwaka 1997, uliwafuatilia kwa wiki mbili paka walioachwa kwenye nyumba za kulelea wanyama wenyewe wakiwa safarini. Takriban theluthi mbili walizoea vizuri, waliobaki walipata tabu, na wachache sana, asilimia 4, walibaki na hofu kubwa hadi mwisho. Tuiweke akilini asilimia hiyo.

Msomaji makini atauliza boksi linahusianaje na kizimba, maana moja ni la kujifungia na kingine ni cha kutokea nje. Nakubali kwamba natoka kwenye jambo lililopimwa kwenda kwenye lile ninalolikisia. Lakini boksi halikuwasaidia wale paka wa Uholanzi kwa kuwa la karatasi ngumu. Liliwasaidia kwa sababu paka mwenyewe aliamua lini aonekane na lini asionekane. Mwongozo wa mahitaji ya paka uliotolewa mwaka 2013 na jumuiya mbili za madaktari wa paka, moja ya Marekani na moja ya kimataifa, umetaja nguzo tano za mazingira yanayomfaa mnyama huyu, na ya kwanza ni mahali salama pa kukimbilia. Si chakula, si mchezo. Kwa paka aliyekaa ndani ya nyumba siku kumi, mahali salama tayari papo: ni chini ya kitanda, au juu ya kabati, au kwenye kile chumba alichowekwa kwanza. Kizimba chenye kilango wazi kinakuwa nyongeza ya mahali hapo. Kizimba kilichofungwa kinakuwa mahali pengine kabisa, na kila kitu kinaanza upya.

Hapo ndipo wale wa mwache atazoea wanapokuja na ushahidi wao, nao si watu wa kupuuzwa. Wanasema paka aliyefungiwa hulia usiku wa kwanza, hunyamaza wa pili, na wa tatu huwa amelala kimya kwenye kona. Si amezoea? Hapana, au angalau kimya si ushahidi. Wanaowachunguza paka walio kwenye hofu wamekuta mara nyingi kwamba paka wa namna hiyo hujifanya amelala: amejikunja, macho yamefumba nusu, lakini miguu yote minne iko chini ya mwili tayari kusukuma, na masikio yanageuka kila mlango unapobamizwa. Anayelala kweli huutupa mwili ubavuni na kunyoosha miguu. Methali yetu inasema paka hakubali kulala chali, na kwa paka mgeni ni kweli tupu, maana tumbo ndilo analolificha mpaka mwisho. Kuna vipimo vingine vya wazi kuliko kelele. Je, anakula humo kizimbani, mchana, watu wakipita? Anajilamba? Ametumia sanduku la mchanga? Paka asiyekula kwa siku mbili hajatulia, na si jambo la kungoja, kwa sababu paka, hasa mnene, akikaa na njaa siku chache mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa kwa hilo. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Basi afanyweje? Wiki mbili za mwanzo, na kwa paka mwoga hata nne, asijue kabisa kwamba kuna kizimba. Akae chumba kimoja, apate chanjo, ahasiwe ikiwa bado, ajifunze sauti ya sufuria yenye dagaa na mkono unaoileta. Ndiyo maana kujenga kabla ya kumleta ni bora kuliko kujenga baada: nyundo na msumeno wa chuma ni utangulizi mbaya wa mahali pa kupumzikia. Akishakuwa anatembea nyumba nzima mkia ukiwa juu, kilango kinafunguliwa kabla ya mlo, na hapo kazi ya binadamu ni kukaa chini. Asibebwe. Asisukumwe. Atakachofanya kinafanana karibu kwa kila paka: atasimama kizingitini, shingo mbele, mboni za macho zimetanuka, ataweka mguu mmoja wa mbele nje, wa pili, na miguu ya nyuma itabaki ndani huku mwili ukirefuka isivyo kawaida. Jani linaanguka, na mwili wote unarudi kwa mruko mmoja. Dakika mbili baadaye yuko tena kizingitini. Kurudi huku ndiko mafunzo yenyewe. Kila anapokimbia ndani na kukuta ndani bado kupo, safari inayofuata inakuwa ndefu kidogo. Anayefunga kilango nyuma yake siku ya kwanza aliyotoka mwili mzima, kwa furaha kwamba hatimaye ameweza, amemfundisha kinyume chake.

Kukaa karibu nako kuna adabu yake. Mtu asimkodolee macho, kwa maana kati ya paka kukodoleana ni vitisho. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha mwaka 2020 kwamba paka humkaribia zaidi mtu asiyemjua ikiwa mtu huyo amemtazama kwa kufumba na kufumbua macho polepole. Ni jambo la kufanya ukiwa na kikombe cha chai mkononi. Na mlo wake, baada ya hapo, upelekwe ndani, ili paka asifike mahali akaona kwamba kutoka nje kumemkosesha chakula. Siku za baadaye sahani inaweza kusogezwa kizimbani hatua kwa hatua.

Kizimba chenyewe kinahitaji vitu vichache, na karibu vyote havimo kwenye bei ya fundi. Kinahitaji harufu. Kitambaa alicholalia, bila kufuliwa, kikiwekwa kwenye rafu ya juu kinasema zaidi kuliko godoro jipya la dukani. Kwa sababu hiyohiyo sakafu isioshwe kwa dawa kali kabla hajaingia, na zile dawa za kuua viini zinazogeuza maji kuwa meupe zisitumike hata baadaye, kwani nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli ambazo ini la paka haliziwezi. Kinahitaji kimo kuliko eneo: rafu mbili pana zilizopigwa kwenye ukuta wa nyumba, upande wa kilango, zina manufaa kuliko futi sita za ziada za sakafu tupu. Na kinahitaji kufichwa. Mkeka uliochakaa au magunia yaliyokunjuliwa yakining'inizwa upande wa barabara, au upande wa mbwa wa jirani, yanampa paka ua wenye pande mbili za kulinda badala ya nne, kisha yanaondolewa moja moja. Dume la mtaani likianza kuja kukojolea wavu, bati tambarare la kimo cha goti liwekwe chini kuzunguka, maana paka anayemwona mshindani na asiweze kumfikia humalizia hasira kwa aliye karibu, ambaye huwa ni mwenzake wa nyumbani au mguu wa mtu. Kuhusu mimea, yungiyungi lisikaribie kabisa, hata poleni yake ikilambwa huharibu figo, na ua wa mnyaa uwe mbali kwa sababu ya utomvu wake unaochoma macho. Pwani kivuli cha makuti ni bora kuliko bati, ambalo saa saba mchana hugeuza kizimba kuwa tanuri. Paka mweupe naye achungwe na jua, kwani masikio yake hupata saratani ya ngozi.

Sasa pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, na ambalo halimo katika vitabu vya Ulaya. Kilango kilicho wazi katika nyumba ya Dar es Salaam au Kisumu ni mwaliko wa mbu, pengine wa nyoka, na mwenye nyumba aliyewahi kuibiwa hataki kusikia habari ya tundu ukutani. Ni kweli. Lakini angalia saa. Mbu wa malaria huuma usiku, na kizimba ni cha mchana. Kilango kifunguliwe asubuhi mtu akiwapo, kifungwe magharibi paka akiwa ndani. Tundu la upana wa kichwa na mabega ya paka halipitishi mtu, likiwekwa kwenye kidirisha cha chini chenye grili ndiyo kabisa, na pazia zito la turubai hutosha badala ya vile vilango vya plastiki vya kuagiza. Kuhusu nyoka, wavu wa nusu inchi kwa sehemu ya chini hupunguza hatari, ingawa hauimalizi. Halafu kuna siafu. Yeyote aliyewahi kufuga sungura au kuku anajua siafu wanapopita usiku wanamwacha vipi mnyama aliyefungiwa. Paka aliye huru hukwepa siafu bila shida. Aliye kizimbani na mlango umefungwa kwa nje hana pa kukwepea. Kwa hiyo hatari za huku kwetu, ukizipima moja moja, zinadai njia ya kurudi ndani kuliko hatari za Canberra.

Wapo pia wanaokataa kizimba chenyewe. Paka, wanasema, hakuumbiwa wavu, na wanatoa mfano wa Lamu, ambako paka wembamba wenye miguu mirefu wamezunguka vichochoro na gati vizazi na vizazi bila mtu kuwajengea kitu. Hoja hii ina mvuto, lakini ina kasoro ya kuhesabu. Paka tunaowaona gatini ni wale waliosalimika. Kasoro hiyohiyo iliwahi kuzungumzwa sana kuhusu New York, ambako mwaka 1987 madaktari wa wanyama walichapisha habari za paka 132 walioanguka kutoka ghorofani wakaletwa hospitalini, na karibu asilimia 90 ya waliotibiwa wakapona. Magazeti yakafurahi. Ila waliokufa papo hapo hawakuletwa hospitalini, na hakuna aliyewahesabu. Kuhusu iwapo paka wa kizimbani ana furaha, Luciana de Assis na Daniel Mills wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha mwaka 2021 majibu ya wamiliki zaidi ya 400 waliokuwa wamezungushia bustani zao uzio wa kuzuia paka: kwa maelezo yao, paka walikaa nje zaidi kuliko awali na hali yao ikawa bora. Waliojibu ni wenyewe waliolipia uzio, kwa hiyo tusiimeze habari nzima. Lakini angalau haionyeshi mnyama aliyevunjika moyo, na tena hao walikuwa na bustani za kuingia na kutoka.

Gharama hainisumbui sana, kwa sababu nyumba nyingi za mijini kwetu zina nusu ya kizimba tayari. Baraza yenye grili ya nondo, ambayo ilijengwa kwa ajili ya wezi, inahitaji wavu wa kufungia kwa waya na rafu mbili, na mlango wake wa kuingilia sebuleni ndio kilango chenyewe. Roshani ya ghorofa nayo hivyohivyo, mradi wavu ufike dari na uvutwe ukakaza. Mwenye baraza kama hiyo anaweza kufanya kazi yote pasipo fundi, na pengine akafanya vizuri zaidi, kwa vile hatakuwa na haraka ya kuona hela yake inatumika.

Turudi kwa ile asilimia 4. Wako paka, hasa wale ambao hawakushikwa na watu walipokuwa wadogo wa majuma mawili hadi saba, ambao miezi itapita na hawatavuka kizingiti. Kilango kitakuwa wazi, mkeka umetolewa, dagaa wananukia, na paka atakuwa dirishani ndani ya chumba akitazama kizimba kitupu. Mwenyewe ataona kama ametapeliwa. Hajatapeliwa, ameuliza swali kwa adabu na amejibiwa. Amwekee rafu dirishani hapohapo anapopapenda, acheze naye jioni, amwache. Kuhusu wavu, nusu inchi na mbao za mbili kwa mbili ni banda zuri la kuku, na kuku hawajali sana nani anashika komeo, ilimradi siafu wasipite.